Papa Gérant na Vitu vya Zamani

Sikumpenda Papa Gérant siku ya kwanza, na miaka yote tuliyokaa naye haikunipa sababu ya kubadili nia. Nasema mapema ili mtu asije akadhani naandika sifa. Wapo watu hapa Kisangani watakaokuambia alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, mjuzi wa mashine kuliko wote. Basi na waandike wao. Alikozaliwa sijui, wengine husema Opala, wengine Banalia. Sikuwahi kumwuliza, kwa sababu ningemwuliza angenijibu, na jibu lake lingekula asubuhi nzima.

Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha kompyuta cha parokia, katika komini ya Tshopo, ndiyo maana akaitwa Gérant, yaani msimamizi. Sisi tulikiita salle. Kilikuwa chumba cha bati chenye mashine kuukuu zilizopangwa ukutani, zote zikitumia Linux, paneli za jua juu na betri chini ya meza. Asubuhi waliingia wanafunzi wa chuo kuandika kazi zao. Alasiri palikuwa pangu mimi na akina mama wa darasa la kusoma na kuandika. Lakini asubuhi na alasiri, mwenye salle alikuwa yeye. Funguo zote zilining'inia shingoni mwake kwa kamba, pamoja na funguo za milango iliyokwisha kubomolewa zamani, na alipotembea alilia kama mbuzi mwenye kengele. Tulimsikia tangu kwenye geti la parokia, na mama mmoja angesema, "Bon, furaha yetu imeisha," nasi tungenyooka kwenye viti.

Alikuwa na tabia ya kuanza maneno yake na "donc", yaani "kwa hiyo", hata kama hakuna aliyesema kitu kabla yake. Unafungua mlango, hujasalimia, tayari: "Donc, Madame, jana benu baliacha kiti moja nje ya mustari." Viti vilikuwa na mstari wa chaki sakafuni. Aliuchora mwenyewe, na ukifutika aliuchora tena. Mashine ziliwashwa kutoka kushoto kwenda kulia, zikazimwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nikamwuliza mara moja kwa nini. Akaniambia procédure ni procédure, utaratibu ni utaratibu. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake la kila jambo, na ukilisikia mara nyingi unaanza kutamani kumpiga mtu kwa kibodi.

Akina mama aliwaonea. Sitatafuta neno laini. Katika darasa nilikuwa na mama mmoja wa Wagenia, watu wa maporomoko, aliyeuza samaki soko la asubuhi na alasiri akaja kusoma. Kila alipoinuka kwenye mashine, Papa Gérant alikuja na kitambaa na chupa ya spiriti, akafuta kibodi mbele ya macho yake, kitufe kimoja kimoja, pua imekunjwa. Yule mama alivumilia wiki nyingi. Siku moja akamwambia bila kupandisha sauti, "Papa, ile samaki yangu unanunuaka kila Ijumaa, unaikulaka na mikono ya nani?" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka wala hakuona aibu. Alimaliza kufuta mpaka kitufe cha mwisho, akarudisha chupa kabatini, akafunga kwa ufunguo. Ana uso mkavu mtu huyo.

Aliyemweza kidogo alikuwa Mama Asha. Mama Asha ni wa familia za Waislamu wa tangu enzi za biashara ya pembe, mshonaji wa nguo, mtu wa maneno mafupi. Alisoma chuo cha Kurani kwa maalimu tangu utoto, herufi za Kiarabu anazifuata kwa kidole bila kukwama, lakini kibao cha barabarani kilimshinda. Papa Gérant alimwandika miongoni mwa wasiojua kusoma. Mama Asha akamletea msahafu, akauweka mezani, akamwambia, "Soma." Papa Gérant akautazama. "Bon," akasema Mama Asha, "jiandike na weye." Tangu siku hiyo alimwita "Mama Asha" kwa heshima, lakini jina lake hakuliondoa kwenye orodha ile.

Darasa lile lilianzishwa na yaya wangu, dada yangu mkubwa. Alifundisha shule za msingi miaka mingi, akachoka kuona mama wanapeleka watoto kuandikishwa halafu wao wenyewe wanatia dole gumba. Kwa msaada wa kijana mmoja wa chuo aliyejua kutengeneza masomo ya kompyuta, yaya alitunga masomo yake mwenyewe. Ilikuwa picha na sauti: inatokea pirogi, ndio mtumbwi wetu, inatokea herufi P, na yaya anasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, sema na miye, pi, ro, gi. Alijirekodi ndani ya sakristia, chumba cha padri kanisani, milango imefungwa kwa sababu ya kuku. Ukisikiliza vizuri utamsikia jogoo mmoja aliyemshinda. Picha alichora yeye, na ng'ombe wake alifanana na mbwa, na akina mama walimcheka naye akiwa hai na baada ya hapo.

Baada ya hapo, kwa sababu yaya alikufa. Homa ilimchukua haraka tukiwa bado tunabishana hospitali gani ni nzuri. Nikarithi darasa. Watu walinishangaa kwamba sikulia sana mazikoni. Sikuwa na moyo mgumu. Nilijua kwamba nikienda salle alasiri, nikabonyeza somo, nitamsikia. Na nilimsikia, kila siku ya darasa, miaka miwili, akiwafundisha watu aliowajua na watu ambao hakuwahi kuwaona. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa, nakunja mikono, namwachia kazi.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe, maana huwezi kuchora sura ya mtu huyu bila hicho.

Parokia ilimtuma Kinshasa kwenye mafunzo. Akarudi na kadi ya plastiki yenye picha yake, akaitundika shingoni pamoja na funguo. Sasa alilia na kumetameta. Na alirudi na neno jipya. Kitu cha zamani ndani ya mashine, alisema, ni mlango wazi. Mwizi anapitia hapo, virusi vinapitia hapo. Hasa plugin. Kwa asiyejua, plugin ni kipande kidogo cha programu kinachopachikwa kwenye kivinjari, kile kidirisha cha kufungulia kurasa, ili kiweze kuonyesha picha zinazotembea na kutoa sauti. Zile za zamani zina matundu, wenye kuzitengeneza wameacha kuziziba, na mtu mwenye akili anaziondoa. Hayo aliyosikia yalikuwa kweli. Nimeuliza watu wengi tangu siku ile, nikitumaini hata mmoja ataniambia ni uongo, na wote wameniambia ni kweli.

Lakini mashine zetu hazijapata kuunganishwa na mtandao hata siku moja. Hapakuwa na waya, hapakuwa na antena, hapakuwa na kitu. Wanafunzi walibeba vitu vyao kwenye clé, kile kidude cha kuhifadhia unachochomeka pembeni mwa mashine. Mwizi wa kupitia mtandao angetufikia vipi? Kwa pirogi?

Alifanya usafi wake siku ya darasa, mbele yetu, maana alipenda kutazamwa. Alifungua ule ukurasa mweusi wa herufi nyeupe, akaandika neno la siri alilolijua yeye peke yake, akaendelea kugonga huku anatueleza. Plugin hii, nje. Hii, nje. Akahamia mashine ya pili, ya tatu, kutoka kushoto kwenda kulia, na mimi nilikuwa nasahihisha madaftari ya akina mama, sikumsikiliza. Nilidhani anapangusa vumbi la aina yake.

Mama Asha ndiye aliyefungua somo kwanza. Badala ya pirogi ukatokea mraba wa kijivu, mtupu, na mstari mdogo wa Kifaransa unaosema plugin haipo. Akabonyeza tena. Kijivu. Mashine ya jirani, kijivu. Darasa zima likawa kijivu, na akina mama wakageuka kunitazama mimi.

"Papa Gérant," nikasema, "sauti iko wapi?"

"Sauti gani?"

"Sauti ya masomo. Ya yaya."

Akainama, akatazama. Nilimwona akielewa. Nataka hili lijulikane: alielewa palepale, uso ulibadilika, kisha akaurudisha mahali pake. "Donc," akasema, "ile masomo ilikuwa inatumikisha plugin ya zamani. Iko danger. Kitu ya zamani iko mulango wazi."

"Mulango ya kwenda wapi, papa?" akauliza Mama Asha. "Sisi hata dirisha hatuna."

"Iko procédure, Mama."

"Rudisha," nikamwambia.

"Haiwezekane. Ile kitu dunia muzima ilikwisha tupa. Benye kuitengeneza baliiachaka. Nitaitoa wapi?"

"Kabla ya kuitoa ulihifadhi nakala?"

Alichukua kitambaa chake. Alipangusa kibodi ambayo hakuna mtu alikuwa ameigusa. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa kwa sababu salle ni ya parokia. Yeye akasema madame ana hasira, madame apumzike, akaanza kuzima mashine kutoka kulia kwenda kushoto.

Nikapeleka shauri kwa kamati ya parokia. Kamati ikampa haki. Alikuwa na kadi ya Kinshasa, alikuwa na maneno ya Kifaransa ya kutosha kujaza mkutano, na mimi nilikuwa mwanamke aliyefiwa. Wakaniambia tumshukuru Mungu kwamba mashine ziko salama. Wakaniambia pia, taratibu, kwamba mwalimu mzuri hahitaji picha. Nikanunua chaki.

Mwalimu mzuri ama mbaya, nilijaribu. Nilichora ubaoni, nikasema pi, ro, gi, kwa sauti yangu. Mama Asha akanisikiliza wiki nzima kwa adabu, mwishowe akaniambia, "Uko unakimbia, mwalimu. Yaya yako hakukuwaka na haraka." Alisema kweli. Mimi si mtu wa subira. Nikisema neno mara ya tatu nasikia sauti yangu inapanda. Akina mama wakaanza kupungua. Mmoja alisema ana msiba, mwingine shamba, mwingine hakusema kitu, akaacha tu kuja. Kamati ikaona viti vitupu, ikaanza kusema kwamba alasiri ile yafaa wapewe watu wa ushonaji. Tulipewa mpaka mwisho wa msimu wa mvua. Darasa la yaya lingekufa, na mimi ndiye ningekuwa nimelishika mkononi likifa.

Wakati wote huo Papa Gérant aliendelea kunisalimia. Hilo nalo lilinikereketa. Mtu aliyekutenda vile anapaswa japo kukwepa macho yako. Yeye alisimama mlangoni, "Donc, Madame, leo muko bangapi?" akahesabu vichwa, akatikisa kichwa kwa huruma kama mtu anayepita kwenye msiba wa wengine.

Na huyu, huyu adui wa vitu vya zamani, kwake hakutupa kitu. Baiskeli yake ilikuwa na breki moja, na breki hiyo ilikuwa kiatu chake. Simu yake ilishikwa na mpira wa bendi. Akipigiwa alifungua ule mpira kwanza, akaushika kwa meno, kisha akasema allô. Alivaa koti moja lililokwisha viwiko, na ukimwambia anunue jingine anakuambia hili ni kitambaa cha zamani, vya siku hizi havidumu. Waliokwisha fika nyumbani kwake, komini ya Mangobo, walisimulia redio zilizopangwa mpaka kwenye dari, feni zisizo na mapanga, mashine ya kushonea ya marehemu mama mkwe. Mganga hajigangi. Ningemcheka kama angekuwa amenyamazisha dada wa mtu mwingine.

Haki yake nitampa, ni ndogo na sitaki kubaki nayo. Mashine ya maternité, hospitali ya wazazi, ilipokufa, yule mtu alibeba vifaa vyake chini ya mvua kubwa, akapiga magoti kwenye sakafu iliyojaa maji, akaitengeneza, wala hakuomba kitu. Wauguzi walimwombea baraka. Hilo alilifanya. Kisha akalisimulia mwaka mzima, na mvua ikawa inaongezeka kila anaposimulia.

Mara ya mwisho nilipokutana naye, mvua zikiwa bado hazijaisha, alikuwa ameanguka. Ile breki ya kiatu ilimshinda kwenye mteremko wa soko, akaingia mtaroni na baiskeli yake, mguu ukavimba wakaufunga mbao. Salle ikabaki imefungwa, kwa sababu funguo zilikuwa shingoni mwake naye alikuwa kitandani. Kamati ikanituma mimi nikazichukue. Sijui kama walinituma kwa kejeli au kwa kusahau. Nikamwomba Mama Asha anisindikize. Mgonjwa haendewi na mtu mmoja wala mikono mitupu, hata mgonjwa wa namna ile. Tukabeba kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kukaushwa, nikanung'unika njia nzima.

Nyumba ilikuwa wazi, pazia tu mlangoni. Nilikuwa nafungua kinywa kusema hodi.

"Sema na miye," yaya akasema ndani ya nyumba. "Ma, ma. Mama."

Mama Asha alinikamata mkono. Kucha zake ziliingia kwenye nyama. Tukasimama hapo nje kama wezi, na sauti nyingine, ya mwanamke mzima, nzito, ikafuata: "Ma, ma. Mama." Halafu jogoo wa sakristia akawika.

Nikavuta pazia bila hodi. Papa Gérant alikuwa kwenye kiti cha kamba, mguu juu ya kigoda, amezungukwa na zile redio zake. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na kompyuta ya zamani, ya zamani kuliko zote za salle, na mbele yake ameketi mke wake. Nilikuwa nimemwona kanisani miaka yote hiyo, mama mnene, mpole, anayeshika kitabu cha nyimbo wazi na kuimba bila kukitazama.

"Zima!" akasema Papa Gérant. "Zima, zima ile!"

"Nazima namna gani?" akauliza mke wake. "Karibuni, bamama. Muikale."

Hatukuketi. Mimi nilimwendea mume. "Unayo," nikamwambia. "Uko nayo hapa. Wakati wote huu."

"Madame, tulia."

"Ulisema dunia nzima imetupa!"

"Ya hapa haiko kwa mtandao," akasema. "Hapa haiko danger."

Naapa ndivyo alivyosema. Mama Asha alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu, katikati ya kicheko na kikohozi. Mke wake alitutazama mmoja mmoja. Hakuelewa, ilikuwa wazi kabisa kwamba hakuelewa kitu, na akauliza kwa upole kama mimi ni ndugu ya huyu mama wa kompyuta, maana sauti zetu zinafanana.

"Ni yaya wangu," nikasema. "Alikufa. Hayo ni masomo ya darasa letu, pale salle."

"Darasa la bamama?" Akamgeukia mumewe. "Si uliniambia ilifungwaka? Nilikuombaka kwenda. Ukaniambia darasa ilifungwa, tusomee tu nyumba, batu basituone."

Sasa nilielewa, nami sikuhisi huruma hata chembe. Mtu mwenye kadi ya Kinshasa hakutaka ijulikane kwamba mkewe hajui herufi. Alimnakilia masomo ya yaya, akamketisha kati ya redio mbovu, na plugin ambayo kwetu ilikuwa mlango wa wezi, kwake ilikaa salama salimini. Na kwa kuwa alikuwa ameshasema mbele ya kamati kwamba haiwezekani, ikabidi isiwezekane. Darasa zima lizame, mradi yeye asirudi mezani kusema nilikosea.

"Kuirudisha ni kazi kubwa?" nikamwuliza. "Sema kweli, mke wako anasikia."

Akashika funguo zake kifuani. "Iko fichier moja, faili moja."

"Moja?"

"Moja tu. Unakopia kwa clé, unaweka ndani ya dossier, ile folda, kwa kila mashine. Hata mot de passe, ile neno ya siri, haitake." Halafu haraka: "Mutu yeyote angeweza. Hamukuuliza muzuri."

Nikamwendea. Sijui nilitaka kufanya nini; Mama Asha alisema baadaye kwamba nilikuwa nimeinua kwanga. Lakini mke wake alifika kabla yangu. Aliinama juu yake, akaivua ile kamba kichwani mwake taratibu, kama anavyovuliwa mtoto shati, funguo na kadi na clé yake iliyoning'inia hapo, vyote pamoja. Akanipa funguo. Clé akabaki nayo.

"Inaingia wapi?" akamwuliza.

"Ngoja mguu ipone, nitafanya miye mwenyewe. Iko délicat."

"Sema weye, miye nitabonyeza."

"Hauwezi. Ni ya kuandika. Kwa ukurasa mweusi."

"Basi nitaandika."

Mguu ulikuwa juu ya kigoda na meza ilikuwa mbali. Hakuwa na la kufanya. Akamwelekeza kuchomeka clé na kufungua ukurasa mweusi, kwa sauti ndogo, bila donc. "Kukopia ni herufi mbili. C," akasema.

Mke wake akatafuta kwa kidole juu ya kibodi. Mama Asha akasogea. "Ile ya mwezi mwandamo," akamwambia. "Pale chini." Wakaipata.

"P."

"P ya pirogi," akasema mama mwenyewe, akaibonyeza kwa nguvu kama anakandamiza mhuri. Kisha nafasi. Kisha Papa Gérant akasema zinatosha herufi tatu za jina, halafu abonyeze kitufe chenye mishale miwili, mashine itamalizia yenyewe.

"Hapana. Nipe yote."

Jina la fichier ile ni refu na baya, halina maana kwa lugha yoyote ya mtu. Alimtajia herufi kwa herufi na yeye akaziandika herufi kwa herufi. Alipokosea alifuta, akauliza tena. Nilisimama nyuma yake na mikono yangu imekunjwa. Alipomaliza jina hilo na njia ya kwenda kwenye clé, akabonyeza kitufe kikubwa kama alivyoambiwa, na mashine haikusema neno.

"Imekataa?" akauliza.

"Hapana," akasema mumewe. "Ikikubali haisemake kitu."

"Nitajua namna gani kama iko ndani?"

Akampa herufi mbili nyingine, na ukurasa ukaleta orodha ya vilivyomo ndani ya clé, na jina lile lilikuwa mwisho. Mama akalisogelea mpaka pua yake karibu iguse kioo. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Li," akasema. "Li, bu. Libu."

"Si libu," akasema Papa Gérant kutoka kwenye kiti. "Inasomwa lib. Halafu ile ingine unaunganisha, ni ya Kingereza, inasomwa pamoja, donc unasema..."

"Papa," akasema mkewe, na hakugeuka. "Nyamaza. Miye ndio nasoma."